Ripoti inasema tumeokoa stima, mita ya kituo inasema imepanda: nimwamini nani?

Swali: Mhandisi, habari za siku. Niko Kisumu, katika shirika dogo ambalo kwa mwaka mmoja na ushee limeendesha mradi wa matumizi bora ya stima kwenye laini moja ya kilovolti 11 inayohudumia upande wa Manyatta na Kondele. Tuligawa balbu 6,000 za LED majumbani, tukawabadilishia wauza samaki friza 40 kuukuu, nao wasambazaji wa stima wakafunga kapasita kwenye laini (vifaa vya kuinua volteji na kupunguza mkondo usiofanya kazi kwenye waya) na kubadilisha transfoma mbili. Mshauri aliyeandika ripoti anasema balbu peke yake zimeokoa yuniti 558,450 kwa mwaka. Lakini mita ya laini hiyo kule kituoni, yaani kituo cha stima ambako laini inaanzia, inaonyesha stima iliyotumwa imepanda kwa 4% kuliko mwaka uliotangulia. Mfadhili anakuja mwezi ujao, na anafikiria awamu ya pili itakayoingia viwandani. Kati ya ripoti na mita, nimwamini nani?

Jibu: Dada, kila mmoja amesema kweli yake, na hakuna aliyejibu unachouliza. Mita imehesabu stima iliyopita kwenye waya. Ripoti imehesabu stima ambayo ingeokolewa iwapo kila kitu kingekwenda kama kilivyopangwa mezani. Wewe unatafuta hesabu ya tatu: mitaa ile ingetumia stima kiasi gani mwaka huu kama mradi wenu usingekuwepo? Ukishaipata hiyo, ukatoa iliyotumika, kinachobaki ndicho mlichookoa. Tabu ni kwamba stima ambayo ingetumika haina mita. Hukadiriwa tu, na kazi yote ya tathmini ni kuyafanya makadirio hayo kwa namna ambayo hata asiyekupenda atayakubali.

Tuanze na ile 558,450. Zidisha balbu 6,000 kwa wati 51, kwa saa 5, kwa siku 365, ugawanye kwa 1,000, maana yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Utapata 558,450 kamili, bila kuzidi wala kupungua hata yuniti moja. Wati 51 ni tofauti ya balbu ya nyuzi ya wati 60 na LED ya wati 9. Namba inayotoka kamili namna hiyo haijapita mtaani. Mshauri wenu hakubisha hodi hata mlango mmoja. Simlaumu sana, maana njia hii hutumika kote duniani kwa miradi midogo: mnakubaliana mapema kwamba balbu moja huokoa kiasi fulani, kisha mnahesabu balbu. Ni njia halali iwapo kiasi hicho kimetokana na vipimo vya mahali penyewe. Hapa hakikutokana, na ndani yake kuna dhana tatu, zote zikivuta hesabu kwenda juu.

Ya kwanza ni kwamba kila balbu mpya iliondoa balbu ya nyuzi ya wati 60. Mwaka 2009 hilo lingekuwa karibu na ukweli. Mwaka 2010 serikali ikagawa zaidi ya balbu milioni moja za kuokoa umeme, watu wakirudisha zile za zamani, na tangu hapo LED zimejaa madukani mpaka kwenye vibanda vya kuuza kredo. Ukiingia nyumba za Manyatta leo utakuta mchanganyiko: hapa balbu ya nyuzi, pale ile ya mrija uliosokotwa, kwingine LED ya bei rahisi iliyoanza kumetameta. Balbu iliyoondoa LED nyingine haijaokoa kitu chochote.

Ya pili ni saa 5. Taa ya sebuleni inaweza kuwaka saa 5, ya chumbani saa 2, ya stoo dakika kumi. Taa ya nje nayo inaweza kuwaka usiku kucha, na mara nyingi huanza kuachwa hivyo baada tu ya mwenye nyumba kuambiwa kwamba LED haili stima. Mama aliyekuwa akizima taa ya nje saa nne sasa anaiacha hadi alfajiri kwa sababu ya usalama. Kwangu huo si upotevu, ni maisha yamekuwa bora kidogo, lakini kwenye hesabu ya yuniti lazima uutoe.

Ya tatu ni kwamba balbu zote zimefungwa. Nyingine ziko kabatini zikingoja ile inayowaka iungue. Nyingine zimepelekwa nyumbani Siaya au Vihiga kwa wazazi, na huenda zinawaka vizuri sana huko, ila si kwenye laini unayoipima.

Haya yote utayajua kwa kwenda kuangalia, wala huhitaji kupita nyumba zote. Ukitaka uhakika wa 90% na kosa lisilozidi 10%, na kama matumizi ya nyumba hizo yanatofautiana kwa kiasi cha kawaida, nyumba 68 zinatosha. Chukua 80, maana kadhaa utakuta zimefungwa. Sharti ni moja: zichaguliwe kwa kura kutoka kwenye orodha ya waliopokea. Zile zilizo kando ya barabara, ambako gari la mradi hufika bila kukwama, hazikuwakilishi. Nendeni jioni, saa moja hadi saa tatu, taa zikiwa zinawaka, na msiwatume vijana waliogawa balbu. Aliyegawa akirudi kuuliza "ile balbu iko wapi?" kila mtu ataipandisha haraka au aseme imeungua. Atumwe mgeni, na swali la kwanza liwe "naomba nione taa zenu."

Nikupe mfano wa namna namba inavyoshuka. Tuseme mmekuta balbu 80 katika kila 100 zimefungwa. Tuseme nusu ziliondoa balbu za nyuzi, zikiokoa wati 51, na nusu ziliondoa zile za mrija za wati 18, zikiokoa wati 9. Wastani ni wati 30. Tuseme saa za kuwaka ni tatu na nusu. Balbu 4,800 mara wati 30 ni kilowati 144. Mara saa 3.5, mara siku 365, ni yuniti 183,960. Tumeshabaki na theluthi ya ile ya ripoti, na bado hatujauliza swali gumu kuliko yote: ni wangapi kati ya hawa wangenunua LED wenyewe mwaka huohuo hata bila ninyi? Waulize, lakini usiulize moja kwa moja, kwa kuwa mtu aliyepewa kitu bure hujibu kwa adabu. Uliza balbu ya mwisho kununuliwa kabla ya mradi ilikuwa ya aina gani, bei gani, na ilinunuliwa lini. Kisha tembelea mtaa mwingine usiofikiwa na mradi uone LED zimeenea kiasi gani huko. Wakiwa 40 katika 100 wangenunua tu, kilichosababishwa na mradi ni yuniti 110,000 hivi. Ni moja ya tano ya ile uliyoletewa.

Usifadhaike. Nitairudia namba hiyo mwishoni, utaona haina aibu.

Sasa twende kwenye mita ya kituoni, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi, na ndiyo ninayoijua kwa kovu. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Nakuru, nilipewa laini moja niifanyie tathmini baada ya kazi ya kupunguza upotevu. Mita ikaonyesha imeshuka kwa asilimia zaidi ya kumi. Nikaandika ripoti ya furaha, nikaisambaza. Wiki mbili baadaye fundi mmoja mzee, anayekaribia kustaafu, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimesoma daftari la swichi, lile linaloandikwa kila swichi ya laini inapofunguliwa au kufungwa. Sikuwa nimelisoma. Kumbe nguzo ilikuwa imeanguka wakati wa mvua, mafundi wakafungua swichi katikati ya laini na kuulisha mtaa mzima kutoka laini ya jirani, na baada ya kusimamisha nguzo mpya hakuna aliyekumbuka kuirudisha swichi. Stima niliyodai kuiokoa ilikuwa inatumika kama kawaida, ila inapitia mita nyingine. Ripoti ile niliiondoa mwenyewe, na kuiondoa kulikuwa kuchungu kuliko kuiandika.

Kwa hiyo la kwanza kabla ya yote: omba daftari la swichi la miezi yote 24, la laini yenu na la laini zinazopakana nayo. Kama mzigo ulihamishiwa kwenu hata kwa wiki tatu, ile 4% huenda imeishia hapohapo.

La pili ni saa ambazo stima haikuwepo. Hapa magharibi mwa Kenya tumezoea kupotelewa na stima, na laini ambayo mwaka juzi ilikuwa ikilala giza saa nyingi kila mwezi, ikirekebishwa mwaka jana, lazima itatumia zaidi. Mita haijui tofauti ya mtu aliyezima taa kwa hiari na mtu aliyezimiwa. Saa ya giza huonekana kwenye mita kama akiba kubwa. Linganisha stima kwa kila saa ambayo laini ilikuwa hai, usilinganishe mwezi na mwezi.

La tatu ni wateja wapya. Tangu mpango wa serikali wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma uanze mwaka 2015, idadi ya wateja imekua upesi, wengi wao wakitumia kidogo sana. Nyumba mia tatu mpya haziwezi kukosa kuonekana. Gawanya kwa idadi ya wateja, lakini usiishie hapo: wateja wapya wanaotumia kidogo huushusha wastani hata kama wale wa zamani hawakubadilika, na utashangilia bure. Wafuatilie walewale waliokuwepo tangu mwanzo.

La nne ni joto. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko zaidi ya mita 1,800, na tofauti hiyo unaiona kwenye mita. Kwetu Nakuru stima huruka alfajiri watu wanapofungulia shawa za moto; kwenu hupanda mchana wa Februari, friji na feni zikihangaika. Mwaka wenye miezi mitatu ya kiangazi kikali si wa kulinganisha na mwaka wa mvua nyingi bila marekebisho. Chukua wastani wa joto wa kila mwezi, uuchore kwenye karatasi dhidi ya yuniti za kila mwezi za mwaka wa kabla ya mradi. Mstari utakaopita katikati ya vidoti hivyo utakuambia mwaka wa baada ungetumia kiasi gani kwa joto lake.

Na la tano watu wengi hawalitazamii: kapasita zenyewe zinaweza kupandisha matumizi. Zimefungwa ili, pamoja na mengine, volteji ya mwisho wa laini iinuke. Birika lililokuwa likipata volti 215 sasa linapata 240, na nguvu yake inapanda kwa karibu robo. Birika si tatizo, litachemsha haraka zaidi na kuzimika, yuniti zikawa karibu zilezile. Lakini kuna televisheni iliyokuwa ikikataa kuwaka jioni, sasa inawaka. Kuna kinyozi aliyekuwa akifunga saa kumi na mbili kwa kuwa mashine zililegea, sasa anafunga saa tatu. Huduma imeboreka na mita imepanda. Anayeliita hilo kushindwa hajawahi kunyolewa nusu kichwa.

Unaona basi kwamba kurekebisha jambo mojamoja kunachosha, na kila rekebisho lina ubishi wake. Njia ninayoipendelea ni kutafuta laini pacha: laini nyingine ya Kisumu yenye watu wa aina hiyohiyo, yenye nyumba, maduka na vinu vya kusagia kwa uwiano unaofanana, na ambayo mradi haukuigusa. Usichukue ya Milimani. Pale kuna viyoyozi na nyua pana, hapafanani na Manyatta hata kidogo. Chukua labda ya upande wa Nyalenda, uangalie kwanza kama kwa miaka miwili mitatu kabla ya mradi laini hizo mbili zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja. Kama zilikuwa hivyo, basi pacha huyo atakusimulia yale ambayo yangetokea kwenu. Ikiwa yenu imepanda kwa 4% na yake imepanda kwa 9%, joto, wateja wapya na hali ya uchumi zimeshajijibu zenyewe kwa sehemu kubwa, na pengo la 5% ndilo unaloweza kuanza kulidai. Awamu ya pili iandaliwe hivyo tangu mwanzo: andikeni mitaa yote itakayofikiwa, pigeni kura nani aanze na nani asubiri mwaka, na wanaosubiri ndio watakuwa kipimo cha walioanza. Hakuna anayenyimwa, wanapishana tu zamu.

Hata pacha, hata hivyo, hawezi kukuonyesha kazi ya kapasita na transfoma. Ni ndogo mno kwa mita ile. Fikiria kapasita zimepandisha pawa fakta, yaani kipimo cha sehemu ya stima ya kwenye waya inayofanya kazi kweli, kutoka 0.80 hadi 0.95. Mkondo kwenye waya unashuka hadi 84% ya ulivyokuwa, na kwa kuwa upotevu wa joto kwenye waya hufuata mkondo mara mkondo, upotevu unashuka hadi 71%. Umepungua kwa 29%, ni kazi nzuri sana. Lakini ikiwa waya wa laini hiyo ulikuwa ukipoteza 4% ya stima yote, basi kwenye mita ya kituoni hiyo ni 1% na kidogo tu, ambayo wiki moja ya joto inaweza kuifunika. Kazi ya aina hii hupimwa papohapo: mkondo na volteji, kabla kapasita haijawashwa na baada ya kuwashwa, mzigo ukiwa uleule, kisha upotevu unapigiwa hesabu kutokana na urefu na unene wa waya. Kapimeni pia saa nane usiku. Mzigo ukiwa mdogo, kapasita isiyojizima hupandisha volteji kupita kiasi, na hapo mtaanza kuletewa malalamiko ya balbu zinazoungua, zikiwemo zile mlizogawa.

Transfoma zina hesabu mbili, na ripoti nyingi hukumbuka moja. Kuna upotevu unaokua kadiri watu wanavyotumia, na kuna ule wa chuma cha ndani, ambao huendelea usiku na mchana hata kama hakuna anayetumia. Transfoma inayopoteza wati 300 kwa kukaa tu hula yuniti 2,628 kwa mwaka. Ndiyo maana transfoma kubwa iliyofungiwa nyumba ishirini zenye balbu mbili mbili ni hasara ya kudumu. Waulizeni wasambazaji wawape cheti cha vipimo vya kiwandani cha transfoma mpya, na kama kipo, cha ile iliyoondolewa.

Kuna mtego mwingine hapa. Upotevu wa stima nchini umekuwa ukizunguka 23% katika miaka ya karibuni, na ndani ya hiyo kuna mambo mawili yasiyofanana: joto la waya na transfoma, na stima inayotumika bila kulipiwa, ya mita zilizochezewa na waya za kuvukishwa ukuta. Kama wakati wa mradi wenu palikuwa na msako, na watu mia wakapata mita halali, yuniti zinazolipiwa zitapanda na upotevu utashuka bila mtu yeyote kupunguza matumizi. Ni faida kwa wasambazaji, ila msiihesabu kuwa yenu. Kwa hiyo wekeni namba mbili mkononi daima: iliyotumwa kutoka kituoni, na iliyolipiwa majumbani.

Kuhusu iliyolipiwa, tahadhari na tokeni. Wengi mtaani hununua tokeni, na ununuzi si matumizi. Mtu akipata pesa ya mavuno au ya chama ananunua za shilingi elfu mbili, kisha hanunui mwezi mzima. Jumlisha miezi mitatu mitatu ndipo mwenendo utaonekana. Na usilinganishe shilingi hata kidogo, linganisha yuniti. Bei ya yuniti hubadilika kila mwezi kwa tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni, na mteja anayevuka mpaka wa yuniti 30 au 100 kwa mwezi huingia daraja jingine la bei. Nyumba iliyoshuka kutoka yuniti 34 hadi 29 itakuambia bili imeporomoka, na jirani yake aliyepunguza zaidi kutoka 90 hadi 80 atasema haoni tofauti. Wote wawili ni wakweli.

Friza 40 ndizo rahisi kuliko vyote, na ndizo ningezipa uzito kwa mfadhili. Friza ni chache, zinawaka mwaka mzima, na mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inatosha. Chukua kumi kwa kura, ipime kila moja kwa wiki mbili. Wiki moja haitoshi, kwa sababu mzigo wa samaki hubadilika na siku za soko, na friza iliyojazwa mbuta asubuhi haifanani na ile yenye ngege wachache tangu juzi. Kwa zile za zamani itabidi mzitafute. Na mkizitafuta mtajua jambo muhimu zaidi: je, zilivunjwa? Friza kuukuu haifi kirahisi. Inahamia kwa shemeji Ahero, inauziwa soda baridi, na stima mliyoiokoa Kisumu inaliwa huko. Kama hamkuzichukua na kuziharibu, kila moja inayoendelea kuwaka inafuta akiba yake. Itifaki ya kimataifa ya kupima akiba ya nishati, IPMVP, ina njia nne: mbili za kupima kifaa chenyewe, moja ya kutumia mita ya jengo zima, na moja ya kompyuta. Kwa friza chukua ile ya kupima kifaa na uandike hivyo kwenye ripoti, wafadhili wanaifahamu.

Viwanda nitavigusa kwa ufupi, kwa sababu jambo moja ndilo huwaangusha wengi. Watu hupenda kugawa yuniti kwa tani, wakadhani wamemaliza. Chukua kiwanda cha chai cha upande wa Nandi ambacho hata kisipozalisha hutumia yuniti 20,000 kwa mwezi kwa taa, ofisi na pampu, na kila tani ya chai hula nyingine 400. Mwezi wa tani 200 kitatumia yuniti 100,000, yaani 500 kwa tani. Mwezi wa kiangazi wa tani 80 kitatumia 52,000, yaani 650 kwa tani. Mashine ni zilezile, wafanyakazi ni walewale, hakuna aliyezembea, ila majani yamepungua. Mradi ukiingia wakati wa kiangazi na kupimwa wakati wa masika utaonekana wa ajabu bila kufanya chochote. Dawa ni mstari uleule niliokueleza kwenye joto: yuniti dhidi ya tani, miezi 12 ya kabla. Data mtaipata, kwani Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 ziliwataka wanaotumia kuanzia yuniti 180,000 kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na watekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Lakini usichanganye ukaguzi na tathmini. Ripoti ya ukaguzi ni ahadi ya fundi kabla ya kazi, na nimeona ikinakiliwa neno kwa neno kuwa matokeo.

Sasa nirudi kwenye yuniti 110,000 zako. Tuseme balbu moja, pamoja na kuifikisha mlangoni, iligharimu shilingi 200. Zote ni shilingi milioni 1.2. Zikidumu miaka minne tu, mtaokoa yuniti 440,000 hivi. Kila yuniti iliyookolewa imewagharimu chini ya shilingi 3, wakati mteja huinunua kwa zaidi ya shilingi 20. Na hapo sijaongeza kwamba yuniti isiyotumika Manyatta haikusafirishwa pia, kwa hiyo imeokoa na kipande chake cha upotevu njiani. Mradi ulikuwa mzuri kwa namba ya kweli. Mshauri aliuzidishia mara tano sifa ambazo haukuzihitaji, na sasa mita ya kituoni inamsuta mbele ya mfadhili.

Kuna na jambo ambalo ripoti haikulitaja kabisa, nalo huenda ndilo bora: saa. Balbu hizo 4,800 zikiwa 70 katika 100 zinawaka saa mbili usiku, mmeondoa kilowati 100 hivi wakati uleule ambao nchi nzima inafikia kilele. Kilele hicho cha taifa kimeshavuka megawati 2,300, na huku magharibi stima hutujia kwa waya mrefu kutoka mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, mzigo wa jioni ukiwa ndio unaobana. Usiku wa manane mahitaji hushuka mpaka mvuke mwingine wa ardhini huachiliwa bure. Jioni ndipo mitambo ya mafuta huwashwa. Yuniti ya saa mbili usiku na ya saa tisa usiku hazina thamani moja, kwa hiyo mwombe mwenye kituo rekodi za kila nusu saa, kisha uchore jioni ya kabla na jioni ya baada, yenu na ya laini pacha, kwenye ukurasa mmoja.

Kwa mfadhili ningepeleka namba tatu, kila moja na chini na juu yake: balbu, kwa mfano, kati ya yuniti 90,000 na 130,000, friza kwa vipimo mtakavyopata, kapasita na transfoma kwa hesabu ya waya. Chini yake ningeandika kwa nini ile 558,450 imeondolewa, kabla hajauliza. Muda mlionao unatosha: wiki moja ya daftari na rekodi, jioni kumi za kutembelea nyumba, wiki mbili za mita za soketi zikienda sambamba. Anzeni na daftari la swichi. Nendeni kituoni asubuhi mapema, kabla wingu la mvua halijakusanyika upande wa ziwa, maana ikianza kunyesha mafundi wote watakuwa juu ya nguzo na hakuna atakayewafungulia kabati.